Huruma Isiyochoka

Wasikilizaji wetu wa Viwanja Sitini na bonde zima la Kilombero, leo twataka kusema juu ya huruma ya wamisionari, na jinsi iwezavyo kudumu.

Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walifika Tanganyika, na kazi yao ikaenea hata Ifakara. Huko Nazareti wakatunzwa wenye ukoma. Ugonjwa huu huharibu mishipa ya fahamu. Mtu hukanyaga mwiba au kaa la moto asisikie. Basi kidonda kilichopona hufumuka tena. Mwuguzi asiyejua sababu humlaumu mgonjwa, kisha yeye mwenyewe huvunjika moyo. Ajuaye huosha mguu ule ule mara ya kumi, tena humfundisha mgonjwa kuutazama kila jioni, ili jicho lifanye kazi ya ngozi yenye ganzi.

Tangu miaka ya 1980 hutumika dawa kadhaa pamoja, nazo huponya ukoma. Lakini ganzi ya siku nyingi mara nyingi haiondoki. Kwa hiyo, ahesabuye waliopona tu atachoka upesi. Nasi tumwonapo jirani ameumia tena, tuulize sababu kabla ya kulaumu.