GIA YA PILI IKIKATAA
Maelezo yaliyotolewa na mwanachama mbele ya mkutano wetu wa mwaka, Likombe, Mtwara



Nimetakiwa niseme neno kwa dakika kumi. Waliotangulia wamezungumza habari za mabweni na madawati. Mimi nitazungumza habari za baiskeli. Najua wapo watakaocheka, maana wengi wetu tumekwisha kuhamia kwenye bodaboda na bajaji. Lakini naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili nusura linipotezee mjukuu.

Mjukuu wangu huyo hutoka hapa Likombe kila asubuhi kwenda shule kwa baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, yenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Jumatatu moja alikuwa amesimama juu ya pedali akipanda mwinuko, mara pedali zikaenda hewani. Alianguka kifudifudi, na bajaji iliyokuwa nyuma ikamkwepa kwa kiasi cha mkono mmoja. Alivunjika jino na kuchubuka magoti. Mama yake akaitundika baiskeli ukutani, mtoto akarudia kwenda kwa miguu. Fundi tuliyemwita alisema gia zimekufa, dawa yake ni kufunga gurudumu jipya lisilo na gia. Bei aliyotaja ilikuwa karibu nusu ya thamani ya baiskeli nzima.

Kabla sijatoa fedha, nilimwuliza mtoto: "Siku ile kabla ya kuanguka, baiskeli ilifanywa nini?" Akanijibu: "Babu, jana yake tuliziba pancha ya nyuma." Hapo nikaujua ugonjwa.

Ndugu zangu, gia za namna hii si ngeni. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianza kazi hiyo mjini Nottingham, Uingereza, mwaka 1902, na kitovu chake mashuhuri kiitwacho AW kilitoka mwaka 1936. Wenye Raleigh za gia tatu wanakifahamu. Gia ya pili huzungusha gurudumu sawasawa na sproketi. Gia ya kwanza hupunguza mwendo kwa robo, ili mguu upate nguvu mlimani. Gia ya tatu huuongeza kwa theluthi. Vitovu vya Shimano, vilivyomo katika baiskeli nyingi za Japani, hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu zinazokaribiana.

Kinachoamuru gia ni waya mwembamba tu utokao kwenye usukani. Katika AW waya huo huvuta kimnyororo kidogo kinachoingia ndani ya eksili. Ukilegea kabisa, upo gia ya tatu. Ukivutwa wote, upo gia ya kwanza. Lakini kati ya gia ya pili na ya tatu pana mahali patupu, ambapo hakuna kinachokamata. Waya ukilegea kidogo tu, unapodhani upo gia ya pili, kumbe upo kwenye utupu huo. Ndipo pedali huenda hewani, na kwa kawaida hutokea unapokanyaga kwa nguvu zote. Kitovu cha Shimano nacho waya wake ukikaa vibaya huweza kuteleza vivyo hivyo.

Sasa tazameni pancha. Ukifungua gurudumu la nyuma ukalirudisha mbele au nyuma kidogo kuliko lilivyokuwa, mnyororo utauona kwamba umekaza au umelegea, lakini waya wa gia hutaukumbuka. Kumbe nao umebadilika. Kwa hiyo kila gurudumu la nyuma linapofunguliwa, hata kama ni kwa kukaza mnyororo tu, lazima gia zipimwe upya kabla ya mtu kupanda.

Kupima si kazi kubwa. Weka gia ya pili. Kwa AW, chungulia kwenye tundu la nati ya upande wa mnyororo. Pale kimnyororo kinapoungana na kijiti chake pawe sawa na ncha ya eksili. Kwa Shimano ya gia tatu, tazama kidirisha kilicho kwenye kifuniko cha upande huohuo. Mstari wa rangi ukae katikati ya alama zake. Kama sivyo, zungusha kinati cha kurekebishia waya mpaka vilingane, kisha kaza nati yake ya kuzuia. Pitisha gia zote tatu huku ukizungusha pedali kwa mkono, halafu endesha mahali tambarare ukiwa umekaa. Usisimame juu ya pedali mpaka umeridhika.

Kama gia bado zinasumbua, fuata mambo haya matatu.

Kwanza, waya wenyewe. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, na waya huota kutu ndani ya ganda lake ambako jicho halifiki. Uchomoe, uufute, uupake mafuta. Ukiwa mgumu bado, badilisha waya pamoja na ganda. Wala msikubali kufungiwa waya wa breki. Ule ni mnene zaidi, hukwama ndani ya ganda la gia.

Pili, mafuta. AW ya zamani ina kitundu chake. Tia matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na vile vijino vyenye springi vilivyomo ndani vikishikwa na gundi havikamati tena.

Tatu, mnyororo. Kama unateleza katika gia zote tatu, usilaumu waya. Pima pini 25 zinazofuatana, yaani nafasi 24 baina yake; mnyororo mpya ni sentimita 30.5. Ukizidi 30.8 umekwisha, na pengine sproketi nayo meno yake yamechongoka kama ya papa.

Mambo haya yakishindikana ndipo kitovu kifunguliwe, na si kabla.

Baiskeli ya mjukuu wangu ilichukua robo saa na spana moja. Gurudumu lilikuwa limesogea mbele kiasi cha unene wa kidole. Mama yake hakuniamini. Alinitaka niipande mimi kwanza kwenye mwinuko uleule, nami nikaipanda, kwa miguu hii ya uzee. Siku iliyofuata mtoto alikwenda nayo shuleni.

Ndugu Mwenyekiti, naamini katika nyumba zetu zimo baiskeli nyingine zilizotundikwa kwa hukumu kama ile, na watoto wanatembea. Ninayo baiskeli hiyo nje, chini ya mwembe, pamoja na spana. Wakati wa chai, kila apendaye aje aguse mwenyewe.