Mgeni Aliyepewa Jembe

 Wazee wetu walituachia neno hili: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu alijua, na wengi hulitaja kwa kicheko wamwonapo mgeni amekawia kuondoka. Leo twataka kuwaelezeni habari za watu waliopewa jembe mara walipofika, wakalima miaka themanini, na bado wakaitwa wageni.

Watu hao ni Wamakonde wa Kenya. Wamakonde walio Tanzania, upande wa Mtwara na Lindi, ni wengi na uraia wao haukuwa na shaka, hatuwasemi hao. Twasema wale waliotoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika miaka ya 1930, wakati mashamba makubwa ya mkonge ya pwani ya Kenya yalipokuwa yakitafuta wafanyakazi. Wakakaa Kwale na sehemu nyingine za pwani. Wengine wakaingia katika mashamba ya miwa. Baadaye vita vya kupigania uhuru wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, vikaleta wengine tena.

Aliyepata kufanya kazi ya mkonge ajua kwamba si kazi ya mchezo. Jani lake lina mwiba nchani, na utomvu wake huwasha ngozi. Mkataji huamka alfajiri, hukata, huhesabu majani, huyafunga matita, na jua likiwa utosini yu bado shambani. Kamba zilizofungia mizigo bandarini zilitoka katika mikono ya watu hao. Nyumbani walichonga mpingo, na vinyago vyao vikanunuliwa na wageni wa kweli, waliokuja kwa meli na kuondoka.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Wamakonde nao walishangilia, lakini sheria ya uraia iliuliza habari za wazazi: wazazi wako ni wa hapa? Mtoto aliyezaliwa Kwale na wazazi wasio raia, naye hakutambuliwa kuwa raia; na mtoto wake vivyo hivyo. Msumbiji ilikuwa mbali, wala vijana hao hawakupata kuiona. Basi kukosa karatasi kukawa urithi, kama vile wengine warithivyo minazi.

Labda msikilizaji atasema, karatasi ni kitu gani? Mtu huishi kwa chakula, haishi kwa kitambulisho. Na tutazame. Kenya ya leo mtu asiye na kitambulisho hawezi kusajili simu kwa jina lake, hata fedha atumiwazo na mwanawe hupitia simu ya mtu mwingine. Hawezi kufungua akiba benki. Shamba alilolilima hawezi kuliandikisha, na mwenye hati akitokea, yeye hana la kuonyesha. Ndoa yake haina cheti. Hawezi kupiga kura, basi mgombea hana haja ya kusimama mlangoni pake. Akikutana na askari njiani huanza kueleza maisha yake yote. Na ninyi wanafunzi mwajua wenyewe kwamba mwalimu aandikapo majina ya watahiniwa huuliza cheti cha kuzaliwa. Mtoto aweza kuwa wa kwanza darasani, kisha akakwama hapo.

Hayo yalikuwa makosa ya sheria na ya ofisi. Lakini twataka kusema wazi ya kuwa si ya ofisi peke yake. Sisi majirani tulikuwa na sehemu yetu. Tuliwacheka wazee wao kwa chale za usoni, na kina bibi kwa ndonya ya mdomoni. Nani katika sisi ambaye bibi yake hakutoga masikio? Watoto wetu walijifunza kutukana kwa kutumia jina la kabila lile, nasi tulisikia tukatabasamu. Kijana wao akitaka kuoa kwetu, tuliuliza kwao ni wapi, hali tulimwona akizaliwa. Karani akimwita mtu mgeni, ametumia neno alilolikuta limekwisha kutengenezwa kijijini.

Mwaka 2011 ilitungwa sheria mpya iliyowafungulia mlango watu waliokuwa wakiishi Kenya tangu siku ya uhuru bila uraia wa nchi yo yote. Mlango ulikuwapo, lakini miaka mitano ikapita pasipo Wamakonde kuingizwa. Ndipo, mnamo Oktoba 2016, mamia yao wakatoka Kwale wakashika njia ya Nairobi kwa miguu. Pamoja nao walikuwamo watetezi wa haki za watu ambao si Wamakonde. Walikuwa na vitambulisho vyao mfukoni, wala hawakuwa na la kujitafutia. Jambo hilo twalipenda sana. Wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe kabla ya mwisho wa Desemba. Februari 2017 vitambulisho vikagawiwa, na watu wakasema kwamba Kenya imepata kabila la 43.

Katika shangwe ile tuna neno dogo la kupinga. Hesabu ya makabila ni sawa kwa anayependa hesabu, lakini kwa nini mtu apewe namba ya kabila ndipo aonekane kuwa ni mtu? Na mwenye baba wa huku na mama wa kule aingie namba gani? Haki ya mkulima yule ilitokana na kuzaliwa kwake na jasho lake, nayo ilikuwapo hata kabla ya 43.

Hata hivyo mlango uliofunguliwa kwa mmoja umewafaa na wengine. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka nchi iitwayo leo Zimbabwe kuhubiri dini, walitangaziwa uraia siku ya Jamhuri, Desemba 2020. Wapemba wa pwani, wavuvi wasemao Kiswahili kile kile tusemacho sisi, walikubaliwa mwaka 2023. Kuna wengine wangali wakingoja.

Na kwa hao wanaongoja, kazi ya kwanza haiko Nairobi. Iko kwa chifu, ambako wazee wa mtaa huulizwa wamemjua mtu huyu tangu lini, alizaliwa wapi, na wazazi wake ni nani. Mkunga aliyempokea anajua. Mwalimu aliyeandika jina lake katika daftari ya darasa la kwanza anajua. Jirani aliyepakana naye shamba, akaazima jembe lake na kulirudisha, anajua kuliko wote. Hao waitwe, na wakiisha kuitwa waende mapema, wasimwache mwenzao akasimama mbele ya meza peke yake.