Kichocho na Kalenda ya Afya Kwale
Kila tarehe 30 Januari dunia huadhimisha siku ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, yaani yale yanayowadhoofisha maskini bila kutangazwa sana, na miongoni mwa yanayofahamika Ukunda na Msambweni ni kichocho, ambacho huletwa na minyoo wanaokulia ndani ya konokono wa maji yasiyo ya chumvi, kisha wakapenya ngozi ya anayeoga au kufua mtoni au bwawani. Prazikwanteli, dawa ambayo hugawiwa shuleni, huua minyoo waliokomaa lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Ndiyo maana kampeni ya siku moja, hata ikipambwa kwa ngoma na fulana, haitoshi. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya, uwe mwezi wowote.