Mshono Umepona, Tumbo Je?

Ndugu msikilizaji wa Mpemba, Tunduma na Songwe yote, tangazo la bima ya afya kwa wote umekwisha kulisikia, na ubishi wake umeusikia sokoni na vijiweni. Sheria yake ni ya mwaka 2023 na kituo hiki kinaiunga mkono. Kinachotutia wasiwasi ni kitu ambacho hatujasikia kikitajwa: kovu la ndani.

Mtu akipasuliwa tumbo, ngozi hufunga, nyuzi hutolewa, faili hurudi kabatini. Ndani kazi haijaisha. Palipokatwa, palipokauka, palipobaki damu, mwili huweka utando unaonata. Ukiyeyuka mapema, salama. Usipoyeyuka, hugeuka kovu, likaunganisha utumbo na utumbo, utumbo na ukuta wa tumbo, kizazi na kibofu. Madaktari waliofungua upya matumbo yaliyowahi kupasuliwa wamelikuta kwa wagonjwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Wengi hawaumwi. Lakini wapo ambao utumbo huziba, na hapo ni usiku, ni gari la wagonjwa, ni foleni ya malori ya hapa mpakani.

Wanaopasua ini wanalijua kovu hili vizuri. Ini lililokatwa huvuja damu na nyongo, na viungo vya jirani hunata pale. Tena saratani ya ini ina tabia ya kurudi. Daktari anayemfungua mgonjwa yuleyule mara ya pili hulazimika kwanza kubandua makovu, polepole, asije akatoboa utumbo, kabla hata hajalifikia ini lenyewe.

Utasema ini hukatwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, sisi wa mpakani linatuhusu nini? Linatuhusu. Mama zetu wanajifungua kwa upasuaji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara kisu kinakutana na kovu la ndani la mara iliyopita. Na ukubwa wa tatizo umepimwa: huko Scotland walifuatiliwa kwa miaka 10 watu waliopasuliwa tumboni au ndani ya nyonga mwaka 1986. Takriban theluthi moja walirudi hospitali, wastani wa mara mbili, kwa matatizo ambayo makovu hayo yaliyasababisha, yangeweza kuyasababisha au yangeyafanya magumu zaidi.

Kinga kamili haipo. Kupunguza kunawezekana: kuushika utumbo kwa upole, kutouacha ukauke, kuosha damu, kupasua kwa matundu madogo penye vifaa. Upo utando maalumu wa kutandaza ndani, ulioidhinishwa Marekani mwaka 1996. Na kuna glovu, jamani, glovu! Unga unaopakwa kwenye glovu ni wanga wa mahindi. Ukiingia tumboni huchochea makovu. Marekani ilizipiga marufuku glovu za unga mwaka 2017. Mkoa huu unalima mahindi, lakini unga wake hauna kazi yoyote ndani ya tumbo lililofunguliwa.

Kwa hiyo bima isihesabu mshono tu. Ihesabu kovu la ndani. Ilipie glovu zisizo na unga, ilipie maji ya kuoshea, imlipie mgonjwa anayerudi baada ya miaka mitano akiwa na tumbo lililojaa. Na tumesema juu ya foleni ya malori, tunasema tena: kutoka hapa hadi Mbeya ni takriban kilomita 100, na utumbo uliojisokota hausubiri lori lipishe. Madiwani, wekeni njia ya gari la wagonjwa! Wauguzi, ulizeni glovu zinazoletwa ni za aina gani!

Nawe msikilizaji, ukiruhusiwa kutoka hospitali, dai karatasi inayoeleza ulichofanyiwa ndani, uitunze. Ukimwona mwenye mshono wa zamani anaumwa tumbo kwa kukata na kuachia, tumbo limejaa, anatapika, hapati choo wala hewa haitoki, usimpe dawa ya kumfanya aharishe. Usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo.