Kunguru na Wana Wawili wa Adamu



Naomba tuanzie kwenye sarufi. Kwetu neno damu halibadiliki, iwe ya mmoja au ya mia. Kiebrania kinalitia wingi, na katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, damu ya Habili, mwana wa Adamu aliyeuawa na nduguye, inayolia kutoka ardhini imetajwa kwa wingi. Marabi, walimu wa Kiyahudi, hawakuliacha hilo lipite. Katika Mishna, mkusanyo wao wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200, fungu la Sanhedrini linaeleza jinsi mashahidi wa kesi ya kifo wanavyoonywa: damu zile ni za marehemu pamoja na kizazi chote ambacho kingetoka kwake, hivyo kuua mmoja kunahesabiwa kuwa maangamizi ya ulimwengu.

Aliyesoma Surat al-Maida ya Qur'ani, aya ya 32, amekwisha kuitambua hoja hiyo. Abraham Geiger, mwanazuoni Myahudi wa Ujerumani, naye aliitambua. Mwaka 1833, angali kijana, alichapisha kitabu kilichouliza Muhammad alichukua nini kutoka Uyahudi, na baada yake wataalamu wengi wa Ulaya wakafungua daftari la madeni: hiki cha Marabi, kile cha Wakristo wa Siria.

Ulinganishi wa Geiger siupingi. Ninachogombana nacho ni hilo neno "kuchukua". Mwizi hamtaji mwenye mali. Aya yenyewe inasema waziwazi kwamba hukumu hii waliandikiwa Wana wa Israeli. Kisha inashika njia yake. Hoja ya wingi wa damu haimo, kumeongezwa masharti juu ya muuaji na mfanya uharibifu katika nchi, na onyo lililokuwa la mashahidi kizimbani limekuwa la kila mtu.

Aya moja kabla yuko kunguru, akifukua ardhi ili muuaji aone namna ya kumsitiri nduguye. Mwanzo haina kunguru. Kitabu cha Kiyahudi kiitwacho Pirke de-Rabbi Eliezer kinaye, ila pale wanaofundishwa ni Adamu na Hawa. Deni limethibitika? Hebu subirini. Kitabu hicho hicho kinawataja wake wa Ismaili kwa majina ya Aisha na Fatima! Mwandishi wake aliishi baada ya Uislamu kuenea, na simulizi za jirani zake Waislamu zilikuwa zimemfikia. Basi katika safu ya mdai tumwandike nani?

Mimi hunivutia zaidi kile ambacho Qur'ani haikusema. Majina Kabili na Habili wameyatia wafasiri. Aya zinawaita wana wawili wa Adamu tu. Sadaka walizotoa hazielezwi zilikuwa nini. Msimulizi hukata hadithi namna hiyo akijua waliomzunguka wanaifahamu. Watu wa Madina, waliosomewa sura hiyo, walikuwa wamekulia jirani na makabila ya Kiyahudi. Kwao dokezo lilitosha.