Simu Ianze na Kabati la Dawa

Mhadhara wa umma, Mhunze, wilaya ya Kishapu



Nimeombwa nizungumzie simu ya mkononi na matibabu ya presha na sukari. Naitoa hoja yangu mapema, ili anayetaka kunipinga ajue tunapishana wapi. Kabla simu haijamkumbusha mgonjwa kumeza kidonge, imuulize kwanza mhudumu wa zahanati kama kidonge kipo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika kila 100 wana kisukari. Hayo si magonjwa ya Dar es Salaam peke yake. Shida ya presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Mkulima wa pamba anameza dawa kichwa kikimgonga, kikitulia anaacha, anasema amepona. Kumbe mishipa ya ubongo, figo na macho inaendelea kuchakaa. Siku akianguka, upande mmoja wa mwili ukalegea na mdomo ukapinda, zipo nyumba zitakazomtafuta mchawi kabla ya kumtafuta daktari. Sisi wa Shinyanga tunajua utafutaji huo umewagharimu nini bibi zetu waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Tuingie zahanati. Upimaji sahihi unataka mgonjwa aketi dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mama aliyeshuka kwenye bodaboda muda huohuo, ametoka Ngofila na barabara ya mbuga imejaa matope, akipimwa palepale mashine itasoma na uchovu wa safari. Tuseme amepumzishwa, akapimwa mara mbili, muuguzi akaandika 164/98 kwenye daftari ambalo mama alilinunua mwenyewe dukani. Muuguzi anafungua kabati. Amlodipini, dawa ya presha, imekwisha. Mama anaandikiwa karatasi aende duka la dawa, na kwa hela aliyonayo ananunua vidonge 10 badala ya 30. Wiki mbili baadaye simu yake inalia: kumbuka kumeza dawa yako. Ujumbe huo utamsaidia nini, zaidi ya kumtia aibu mbele ya wanawe?

Ushahidi wa kitafiti nao unatuasa tusitarajie miujiza. Huko Cape Town wagonjwa wa presha 1,372 walifuatiliwa kwa mwaka mzima, wengine wakipokea ujumbe wa simu kuhusu dawa na miadi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliopokea ujumbe walishuka presha kuliko wenzao kwa takriban milimita 2 tu za zebaki katika kipimo cha juu. Ni faida, siidharau, lakini ni ndogo, na hao walikuwa wagonjwa wa mjini.

Sasa tazameni tuliyokwisha kuyafanya wenyewe. Mwaka 2009 Wizara ya Afya na washirika wake walijaribu mpango ulioitwa SMS for Life katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila Alhamisi simu ya mhudumu wa kituo ilipokea swali: dawa za malaria zimebaki ngapi? Alijibu bila kulipia ujumbe, na akijibu kwa wakati alizawadiwa salio. Mganga Mkuu wa Wilaya aliona nani ameishiwa na nani ana ziada, akahamisha. Mwanzoni zaidi ya robo tatu ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki 21 baadaye vilikuwa kama robo. Mgonjwa hakutumiwa ujumbe hata mmoja, na bado ndiye aliyefaidika.

Karibu zaidi na nyumbani tunayo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, iliyokulia hukuhuku Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla Rais Samia hajaizindua kwa ajili ya nchi nzima mwaka 2022. Mama mwenye dharura anapigiwa 115 bure. Palipo na gari la wagonjwa linatumwa, na pasipo na gari anatafutwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye malipo yake yanaingia kwenye simu. Ukiondoa dereva na malipo yake, 115 inabaki namba tu.

Msiniambie watu wetu hawawezi kumeza dawa maisha yao yote. Wenye virusi vya UKIMWI wanameza. Wana kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, dawa ni bure na ipo, asiyefika anatafutwa. Mwenye presha aliyekosa kliniki miezi minne, nani anamtafuta?

Hapa ndipo simu ya mgonjwa inapopata kazi halali, hasa katika ukanda wetu wa migodi. Kijana wa Maganzo akisikia dhahabu imetoka Nyarugusu, anafunga begi usiku huohuo. Rashi, yaani mkurupuko huo wa dhahabu, ikiisha anahamia maduara, mashimo ya wachimbaji, mengine, na daftari lake la kliniki limebaki kwa mama yake. Kumbukumbu zake zikipatikana kielektroniki kwa namba ya simu yake, muuguzi wa Geita hataanza upya. Tahadhari yangu ni moja: nyumba nyingi zina kitochi kimoja, simu ndogo ya vitufe, kinachozunguka. Ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa usiutaje ugonjwa.

Kwa hiyo naiomba halmashauri yetu ianze na vitu vinne: amlodipini, metformini ya kisukari, vipande vya kupimia sukari, na betri za mashine ya presha. Kila zahanati iulizwe kwa wiki, na majibu yasomwe kwenye baraza la madiwani kama yanavyosomwa mapato ya pamba. Zahanati itakayokaa miezi mitatu bila kuishiwa ndiyo ianze kuwatumia wagonjwa wake ujumbe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024, wapewe orodha ya wasiofika wawafuate majumbani. Na muuguzi asijibu kwa vocha yake mwenyewe. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya zahanati, kwenye fungu lilelile la dawa.