Injini ya Pampu Ikizima Baada ya Kupata Moto

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Boito)



Leo tuzungumze juu ya pampu ya maji ya petroli. Hapa kwetu mvua ni nyingi, lakini Januari na Februari jua likikaza, miche ya kitaluni, sukuma wiki na ng'ombe wote hutegemea maji ya bondeni. Ndipo pampu hutolewa stoo. Asubuhi inawaka vizuri, inavuta maji dakika 15 au 20, halafu inazima. Mnavuta kamba mpaka bega linauma, haiwaki. Mnakaa chini ya mti nusu saa, mnajaribu tena, nayo inawaka kama kwamba haikuwa na shida. Baada ya muda, inazima tena.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema kijana anayeiendesha ameiharibu. Mwingine anasema mwenyekiti alinunua mashine mbovu. Mweka hazina anaambiwa atoe pesa za plagi, wiki ijayo za koili, wiki ya tatu za kabureta nzima. Michango ya miezi mingi inaisha na pampu bado inazima. Wanachama wanaanza kukosa mikutano. Kikundi kinaweza kuvunjika hivyo, na kumbe ugonjwa ulikuwa tundu dogo lililoziba matope.

Kwa hiyo neno langu ni hili: msinunue kitu chochote kabla ya kuichunguza injini pale pale inapozima, ikiwa bado moto. Ikipoa, dalili zimepotea. Mkimpelekea fundi wa Litein au Bomet ikiwa baridi, kwake itawaka vizuri, naye atabaki kubahatisha kwa pesa zenu.

Injini ya petroli inataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, cheche ya moto kwenye plagi, na silinda inayofunga vizuri bila kuvuja pumzi. Ikizima, moja kati ya hayo matatu limekosekana. Kazi yetu ni kujua ni lipi.

Kwanza, sikilizeni inavyozima. Ikilegea polepole, inapanda na kushuka kama mtu mwenye njaa, halafu inakufa, shukuni petroli. Ikikatika ghafula kama taa iliyozimwa, shukuni cheche. Sasa fuateni hatua hizi, tukianza na zisizo na gharama.

1. Kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa. Petroli ikipungua, hewa lazima iingie mahali pake. Tundu likiziba, tangi linajivuta ndani, petroli inakataa kushuka, na injini inakufa kwa njaa huku tangi lina mafuta. Mkipumzika, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, kwa hiyo inawaka tena. Injini ikizima, legezeni kifuniko mara moja. Mkisikia hewa ikiingia "sss", na injini ikawaka papo hapo, mmepata jibu. Safisheni tundu kwa waya mwembamba.

Ugonjwa huu si wa pampu peke yake. Wavuvi wa Ziwa Victoria wenye mashine za mashua wanaujua. Tangi lao lina skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko. Mtu akisahau kuifungua, mashine huondoka ufuoni vizuri, kisha huzima mashua ikiwa mbali majini. Sisi tunabaki na miche iliyokauka, lakini yeye yuko hatarini na upepo unavuma.

2. Uchafu na maji katika petroli. Injini ikiwa baridi, toeni petroli kidogo chini ya tangi na kuitia ndani ya chupa ya kioo. Ngojeni itulie. Maji hukaa chini, petroli juu. Mkiona maji au kutu, mwageni yote mbali na moto na mbali na kisima, mwoshe tangi na chujio, mtie petroli mpya.

3. Oili na mteremko. Injini nyingi ndogo zina kifaa kinachozima injini oili ikipungua. Hapa Boito ni milima na mabonde. Pampu ikiwekwa kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja na kifaa kinadhani imekwisha. Chimbeni mahali tambarare pa kuiweka, kisha pimeni oili.

4. Choki na hewa. Choki hufungwa wakati wa kuwasha injini baridi. Isipofunguliwa ikishapata moto, petroli inazidi hewa, moshi mweusi unatoka, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Chujio la hewa lililojaa vumbi hufanya vivyo hivyo. Tena sisi tunaishi juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Vitabu vya injini nyingi ndogo vinashauri kabureta irekebishwe mashine ikifanya kazi juu ya mita 1,500. Kama plagi ni nyeusi kila mara ingawa choki na chujio ni safi, mwulizeni fundi jambo hilo.

5. Joto lisilo na pa kutokea. Angalieni vile vibati vyembamba vinavyozunguka silinda, na wavu wa feni. Majani makavu na matope yakijaa hapo, injini inachemka. Safisheni kwa brashi. Wala msiifungie ndani ya kibanda ikifanya kazi. Itazidi kupata moto, na moshi wake unaua watu.

6. Cheche. Kama imekatika ghafula, fungeni koki ya petroli, shikeni plagi kwa kitambaa kizito na kuifungua. Irudisheni kwenye waya wake, chuma chake kiguse mwili wa injini, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli. Mmoja avute kamba, mwingine aangalie. Hakuna cheche? Jaribuni plagi nyingine nzima. Bado hakuna? Angalieni waya wa swichi ya kuzimia, usiwe umechunika na kugusa chuma. Hayo yote yakiwa sawa, basi shukuni koili. Waya ulio ndani yake ukipata moto huweza kuachana, ukipoa unagusana tena. Koili hairekebishwi, hununuliwa nyingine. Lakini sasa mnanunua mkijua sababu.

7. Valvu. Vuteni kamba injini ikiwa baridi, halafu ikiwa moto. Kama ikiwa moto inavutika kwa urahisi kuliko kawaida, huenda nafasi ya valvu ni ndogo mno. Chuma kikipata moto hurefuka, valvu haifungi, pumzi inavuja. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Sasa mambo mawili ya kikundi. La kwanza, badilisheni kitu kimoja tu, halafu iendesheni pampu kwa dakika 30 kabla ya kugusa kingine. Mkibadilisha vitatu pamoja, hamtajua ni kipi kilichoponya, na mwaka ujao mtanunua vyote tena.

La pili, wekeni daftari la mashine. Andikeni tarehe, imefanya kazi dakika ngapi kabla ya kuzima, imezima namna gani, na mmefanya nini. Fundi akisoma "inazima baada ya dakika 20, ghafula, hakuna cheche ikiwa moto", nusu ya kazi yake imekwisha. Na yule kijana anayeiendesha atakuwa na maandishi ya kumtetea, badala ya kulaumiwa bure.

Msitie petroli injini ikiwa moto, na mtu asivute sigara karibu. Mkutano ujao chagueni watu wawili, mmoja awe mama, wajifunze hatua hizi kwa mikono yao wenyewe, ili mmoja akisafiri mwingine awepo.